Kipanya, Kibodi na Neno "Kupitia"

Mjadala wa istilahi za kompyuta umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa majina. Wako wanaokubali "kompyuta", wako wanaotetea "tarakilishi", na "ngamizi" nayo haikukosa watu. Wengine husema "kibodi", wengine "baobonye" au "kicharazio". Hatuoni ubaya wa mashindano hayo. Tunachokosoa ni kwamba majina yamepewa heshima yote, na maneno yanayoyafunga pamoja yameachwa bila mlezi.

Tuchukue agizo hili: "Unganisha kipanya na kibodi." Kila neno ni sanifu, lakini maana haijatulia. Je, vyote viwili viunganishwe kwenye kompyuta, kila kimoja kwa waya wake? Au kipanya kichomekwe kwenye kibodi? "Na" yakubali yote mawili.

Mambo yote mawili yamekuwapo. Macintosh ya mwaka 1984 ilipokea waya wa kipanya moja kwa moja. Mwaka 1986 kampuni ya Apple ilianza, katika Apple IIGS, mfumo ulioruhusu kipanya kuchomekwa kwenye kibodi, nayo kibodi kwenye kompyuta. Mwaka 1998 iMac ilileta USB, na kibodi yake ikabaki na matundu ya kupokea kipanya. Kibodi nyingi hazina tundu hilo.

Msomaji wa Mara atatuelewa upesi. Atokaye Bunda kwenda Musoma hufika Makutano, ambako njia ya Butiama nayo huchepuka. Lakini hasemi kwamba safari yake ni ya Makutano. Vivyo hivyo, ishara za kipanya hupita katika kibodi, na mwisho wake ni kompyuta.

Kwa hiyo twapendekeza: "Chomeka waya wa kipanya kwenye tundu la kibodi, kipanya kitaunganishwa na kompyuta kupitia kibodi." "Chomeka" yataja kazi ya mkono, "kupitia" yataja njia. Tofauti hii si pambo. Kibodi inayotegemea umeme wa kompyuta, kwa kanuni za USB 2.0, hugawa miliampea 100 tu kwa kila tundu: kwa kawaida kipanya hutosheka, lakini kifaa chenye mahitaji makubwa hakitosheki. Tena, kipanya kikinyamaza, mwalimu aliyesoma "kupitia" atakagua kwanza waya wa kibodi. Aliyesoma "na" huenda akakitupa kipanya kizima.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliipa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare jina la Mabepari wa Venisi, nayo ikatoka mwaka 1969. Katika neno "mabepari" mlikuwa na hukumu nzima, na wahakiki wamelijadili ipasavyo. Maneno madogo ya maagizo yastahili uangalifu uo huo. Orodha ya istilahi itoayo jina bila kitenzi chake, wala sentensi ya mfano, humpa mfasiri matofali na kumnyima udongo wa kuyashikiza.