Vikaratasi vya Murray

Kuanzia mwaka 1885, kamusi kubwa ya Kiingereza iliendelea kuandaliwa katika kibanda cha mabati kwenye bustani ya mhariri wake, James Murray, Banbury Road, Oxford. Sakafu ilikuwa chini ya usawa wa bustani, kwa hiyo baridi na unyevu havikuisha, na Murray alifanya kazi akiwa amejifunika koti zito. Ukutani kulikuwa na vishubaka, na humo vikaratasi.

Kila kikaratasi kilibeba neno moja, mwaka, mwandishi, kitabu na ukurasa, kisha sentensi iliyonakiliwa na msomaji wa kujitolea. Kwanza vilipangwa kialfabeti, kazi ambayo watoto wa Murray waliifanya kwa kulipwa vijisenti. Baadaye vikatengwa kwa aina ya neno, halafu kwa tarehe, cha kale kikitangulia.

Ugumu ulianza pale mafungu ya maana yalipotandazwa mezani. Chukua "close", neno lililotoka Kilatini kupitia Kifaransa, likimaanisha kilichofungwa. Huku chumba kisichopitisha hewa. Kule mtu asiyetoa siri. Pembeni askari waliobanana safuni. Mwisho marafiki walio chanda na pete. Mhariri husoma sentensi moja moja, huhamisha kikaratasi, hukirudisha, mpaka aone jinsi kufunga kulivyozaa kubana, na kubana kukazaa ukaribu.

"Near", aliyoihariri William Craigie baadaye, ilipita njia nyingine. Hapo kale ilimaanisha "karibu zaidi", ikilinganishwa na "nigh". "Next" ndiyo ilikuwa "karibu kuliko vyote". "Near" ni neno la kupima umbali, hata wa wakati: Mwingereza husema "near future", wala hasemi "close future". Rafiki wa moyoni, kinyume chake, ni "close".

Lakini kinachonivutia zaidi ni "adjacent", iliyotoka katika sehemu ya kwanza kabisa ya kamusi, mwaka 1884. Asili yake ni kulala kando. Mwingine angeandika "inayopakana" akasonga mbele. Murray aliandika fasili yake, kisha akaongeza tahadhari ndani ya mabano: si lazima vitu hivyo vigusane, ingawa kugusana hakukatazwi. Alikuwa na maelfu ya maneno yakimsubiri, na kamusi yenyewe ilikamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya kifo chake. Hata hivyo aliyaweka mabano hayo.