Usiku wa Idi Matemwe: Ngoma Ipi Ianze, Ipi Imalize

Idi el Fitri ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili, na ya 2025 tarehe 31 Machi. Zote mbili ndani ya masika. Kwa anayepanga ngoma ya sikukuu kijijini Matemwe, Unguja, tarehe hizo zina uzito zaidi kuliko orodha yoyote ya vikundi. Ngozi ya ngoma ikinyonya unyevu hulegea na mlio hufa. Wapigaji huisogeza kwenye moto wa makuti hadi ikaze tena, na makuti makavu wakati wa masika hayaokotwi ovyo. Kuni za kukaushia ngozi ziwekwe mapema, chini ya paa, kabla hata ya kumtafuta mwimbaji.

Kosa linalojirudia katika mipango ya namna hii ni kuchagua ngoma kwa jina. Kamati huandika beni, msewe, kibati, taarab na kidumbak, kisha huipa kila moja robo saa. Mpango huo umezoeleka kwenye maonyesho ya hotelini, ambako mgeni anataka kuonja kila kitu kabla ya kwenda kulala. Mwanakijiji aliyevaa nguo mpya ya sikukuu hakuja kuonja. Amekuja kucheza, na kucheza kunataka muda wa kupanda.

Kidumbak ndiyo inayolionyesha hilo vizuri zaidi. Vyombo vyake ni vichache: fidla, ngoma mbili ndogo, cherewa za vifuu vilivyotiwa mbegu, mkwasa, yaani vijiti vifupi vya kugonganisha, na sanduku. Sanduku hilo ni besi ya uzi mmoja uliofungwa kwenye fimbo. Mpigaji akiivuta fimbo uzi hukaza na sauti hupanda, akiilegeza hushuka. Fidla huanza taratibu, mara nyingi kwa wimbo wa taarab ambao watu wanaujua. Wimbo ukiisha muziki hausimami. Mwimbaji huingia wimbo mwingine, mwendo unaongezeka kidogo, kisha mwingine tena, hata mfululizo mmoja ukaweza kufika karibu saa nzima. Viuno hupamba moto kadiri ngoma zinavyokaza. Ukiikata dakika ya kumi na tano umeikata ingali kwenye utangulizi, na hilo ni dhuluma kwa wapigaji na wachezaji pia.

Kwa hiyo kidumbak imalize, na isiwe na kitu nyuma yake. Taarab itangulie. Watu hukaa, husikiliza maneno, huinuka mmoja mmoja kwenda kumtunza mwimbaji. Na kwa kuwa kidumbak huchota nyimbo zake nyingi humo humo kwenye taarab, wimbo uliosikilizwa kwa utulivu saa 3 usiku waweza kurudi saa 5 ukiwa na mwendo wa kuchezeka. Beni, iliyozaliwa pwani zama za ukoloni kwa kuiga bendi za kijeshi, ni ya kutembea. Kazi yake ni kuwatoa watu majumbani na kuwafikisha uwanjani, na ukiiweka jukwaani umeinyima barabara yake.

Tena kuna bahari. Idi el Fitri huja na mwezi mwandamo, basi ni siku za bamvua. Huku Unguja maji ya bamvua hujaa mnamo saa 10 alasiri na kutoka mnamo saa 4 usiku, hivyo baada ya sala ya isha pwani inazidi kupanuka na kuacha mchanga ulioshikana, unaobeba mguu wa mchezaji. Lakini usiku huo ni kiza, maana hilali huzama mapema, na taa lazima ziwepo. Idi el Haji huja tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, karibu na maji mafu: ufuo mgumu ni mwembamba, bali mwezi mkubwa huangaza hadi baada ya saa sita ya usiku. Hapo heri kucheza juu, kwenye ardhi ngumu ya kijiji. Msewe, ngoma ya Pemba ambayo wachezaji hufunga njuga za majani miguuni, inataka ardhi hiyo hasa, kwani kishindo cha mguu kwenye mchanga tifutifu hakitikisi njuga sawasawa.

Tatizo la kuchagua ngoma kwa jina si la Zanzibar peke yake. Huko New England, Marekani, watu hucheza kontra kwa mistari miwili mirefu, fidla ikiongoza na msemaji akitaja hatua. Anayeandaa usiku wa Krismasi aweza kuchagua ngoma zenye majina ya theluji na kengele, lakini mchezaji hachezi jina. Hatua ngumu zikipangwa mapema mno, wageni hukaa pembeni.

Makunduchi, kusini mwa kisiwa, sherehe ya Mwaka Kogwa ina mpangilio unaofaa kuigwa. Kila Julai wanaume hupigana kwanza kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kimalizike, kibanda huchomwa moto, watu hula, na ngoma hufuata. Kila jambo hulifungulia njia linalofuata, na hakuna anayehesabu dakika.

Limebaki la unyago. Mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliipeleka ngoma hiyo jukwaani na dunia ikamsikia. Yeye alikuwa somo mwenye dhamana ya aliyoyafundisha. Kamati ya sikukuu haina dhamana hiyo, na ngoma ya kuwafunda wari haifai kujazia ratiba mbele ya watoto na wanaume.

Wanaopanga Idi el Haji ijayo Matemwe wapunguze orodha. Beni ikusanye watu baada ya isha, taarab iwatulize, kisha kidumbak iachiwe usiku uliobaki bila mtangazaji kuingilia kati.