Senema Iliyokatwa Utao

Mtu akikusomea shairi la mizani 16 kwa ukwapi peke yake, utasikia vina vya kati na mapigo yatakuwa sawa; lakini shairi hutalijua. Jambo kama hilo lilitendwa kwa miaka mingi juu ya senema zilizotiwa katika kanda za video, na watazamaji wengi hawakutambua.

Asili yake ni ushindani. Katika miaka ya 1950 runinga iliwavuta Wamarekani wabaki majumbani. Kampuni za senema zikaupanua uwanja wa picha ili kuwarudisha. Mwaka 1953 ilionyeshwa The Robe kwa mtindo wa CinemaScope, ambao upana wake ulizidi mara mbili ya kimo. Mwaka 1959 William Wyler alitoa Ben-Hur, ambayo upana wake ni mara 2.76 ya kimo. Kioo cha runinga ya zamani kilikuwa 4 kwa 3 tu. Basi picha iliyopanuliwa ili kuishinda runinga iliingizwa humo humo kwa mkasi.

Ili kukijaza kioo hicho, zaidi ya nusu ya upana wa Ben-Hur hupotea. Fundi huchagua kipande, akakisogeza kushoto au kulia. Katika mashindano ya magari ya farasi, Judah na Messala hukimbia sambamba, kila mmoja na farasi wanne. Uhasama wao u katika kuonekana pamoja. Ukimwona mmoja, zimebaki mbio, ugomvi umetoweka.

Njia ya pili ni kuipunguza picha yote mpaka ienee, na juu na chini zibaki pindo nyeusi. Wengi walinung'unika kwamba wamepunjwa kioo. Nung'uniko hilo lina haki yake, kwa kuwa katika runinga ndogo nyuso hufifia. Hata hivyo, Woody Allen alishikilia kwamba Manhattan, filamu yake ya 1979, itolewe katika video kwa upana wake wote, nami naona alifanya vyema. Udogo wa picha jicho laweza kuuzoea. Kilichokatwa hakionekani hata kikaulizwa.

Runinga za leo ni 16 kwa 9, lakini Ben-Hur bado yahitaji pindo. Mwanafunzi, uzionapo, usizifute kwa kuikuza picha. Mhakiki na aanze kwa kujiuliza: je, nimepewa kazi nzima? Asiyeuliza hivyo atamhukumu mtunzi kwa makosa ya mkasi.