Filamu Isiyo na Steringi: Watazamaji Mbele ya Henry

Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukifundisha uhakiki wa tamthilia na filamu katika idara yetu, na kila mwaka huanza na swali lile lile: mlipomaliza kuitazama kazi hii, mlisema nini kabla hamjakumbuka kwamba ninyi ni wahakiki? Kwa uzoefu wetu, neno la kwanza linalomtoka mtazamaji mlangoni huwa na ukweli ambao baadaye hufunikwa na istilahi. Muhula uliopita swali hilo lilituletea matata. Kwa kuwa wenzetu wengi wametuuliza kulitokea nini katika chumba cha maonyesho, tumeona ni vyema tuyaandike hapa katika kijarida chetu, pamoja na maoni yetu kuhusu filamu yenyewe.

Filamu ni Henry: Portrait of a Serial Killer, iliyoongozwa na John McNaughton. Ilipigwa Chicago, Marekani, mwaka 1985, kwa fedha kidogo mno, dola zipatazo 110,000. Waliozitoa, ndugu wawili wafanyabiashara wa kanda za video, walitaka filamu ya kutisha ya kawaida, yenye damu na mayowe, itakayouzika upesi. Walichopewa kilikuwa kitu kingine kabisa. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Chicago mwaka 1986, kisha ikabaki bila njia ya kwenda mbele hadi mwaka 1990 ilipofika kwenye majumba ya sinema.

Msuko wake ni mwepesi. Henry (Michael Rooker) ni kijana mkimya anayefanya kazi ya kunyunyizia dawa ya wadudu majumbani. Anaishi na Otis (Tom Towles), waliyefahamiana gerezani. Anakuja Becky (Tracy Arnold), dada yake Otis, aliyekimbia ndoa mbaya. Henry huua watu, na baadaye anamfundisha Otis kuua. Becky anampenda Henry. Otis anamtendea dada yake unyama, Henry anamuua Otis, anaondoka na Becky usiku, wanalala katika nyumba ya wageni. Asubuhi Henry anatoka peke yake, anasimamisha gari kando ya barabara, anashusha sanduku na kuliacha pale. Basi, imekwisha. Hakuna polisi anayebisha hodi wala hakimu. Gari linaondoka.

Mhusika huyu ameegemezwa kwa mbali kwenye maisha ya Henry Lee Lucas, Mmarekani aliyekiri mauaji ya mamia ya watu, na ambaye mengi katika maungamo yake baadaye yalionekana kuwa ya uongo. Hukumu yake ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha mwaka 1998, naye akafa gerezani mwaka 2001. Tunalitaja hili kwa sababu wanafunzi wetu watatu waliuliza, kabla ya swali lingine lolote, kama kisa hiki ni cha kweli. Jibu ni kwamba hata muuaji mwenyewe hakuwa shahidi wa kuaminika, na filamu inalijua hilo vizuri. Otis anasema Henry alimuua mama yake kwa gongo la kuchezea mpira. Henry akimsimulia Becky anasema alimchoma kisu. Mazungumzo yale yale hayajaisha anasema alimpiga risasi. Becky anamkumbusha, naye anakubali bila aibu. Mtazamaji aliyekuwa akisubiri aambiwe kwa nini mtu huyu amekuwa hivi, ananyang'anywa jibu mbele ya macho yake.

Tuseme sasa juu ya watazamaji. Filamu hii ilipoonyeshwa katika tamasha la Telluride, jimbo la Colorado, mwaka 1989, ukumbi uligawanyika. Wapo waliotoka, na wapo waliobaki na kuitetea kwa hoja kwamba haikukifanya kifo kuwa mchezo. Mhakiki mashuhuri wa Chicago, Roger Ebert, alikuwa upande wa watetezi. Bodi ya Marekani ya kupanga madaraja ya filamu iliipa daraja la X, ambalo wakati ule umma ulilihusisha na filamu za ngono, na McNaughton akaelezwa kwamba hakuna mahali pa kukata patakapoiokoa, kwani tatizo halikuwa picha hii au ile bali mwelekeo wa kazi nzima. Msomaji wetu alizingatie jambo hilo. Ziko filamu nyingi za miaka ile zilizomwaga damu mara kumi zaidi zikapita baada ya kukatwa hapa na pale. Iliyokuwa ikiwaudhi watu ndani ya Henry haikuweza kukatwa kwa mkasi.

Ilikuwa nini basi? Hapa tunamshukuru mkaguzi mmoja wa Uingereza, James Ferman, aliyekuwa mkurugenzi wa bodi ya huko. Kuna tukio la familia moja kuvamiwa nyumbani kwao usiku. Tunaliona katika picha hafifu za kamera ya video, zikitikisika, zimejaza skrini nzima. Tunadhani tunaona tukio likitendeka. Mwishoni ndipo tunapogundua kwamba tulikuwa tukitazama kanda: Henry na Otis wamekaa kwenye kochi lao, wametulia, wanajitazama walivyoua, na Otis anataka irudishwe nyuma aione tena, polepole. Kwa muda wote ule, bila kujua, tulikuwa tumekaa pamoja nao kwenye kochi lile lile. Filamu ilipoandaliwa kwa soko la video la Uingereza mwaka 1993, Ferman hakutosheka na kupunguza. Aliichukua picha ya wawili hao wakitazama televisheni akaihamishia mapema, katikati ya tukio, ili mtazamaji atahadharishwe kwamba hii ni kanda na wenyewe ni wale. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2003 ndipo Waingereza wakaruhusiwa kuiona kama ilivyotengenezwa. Wengi wamemlaumu Ferman kwa kuichezea kazi ya mtu, na lawama hizo ni za haki. Lakini kwa maoni yetu yeye ni miongoni mwa watu walioisoma filamu hii vizuri kuliko wote, kwa sababu alikwenda moja kwa moja mahali sumu ilipo.

Katika vibanda vya video vya mitaa ya Kampala, na hata Nairobi na Dar es Salaam, mtazamaji huingia akiwa na mkataba wake. Yuko steringi na yuko adui. Steringi hafi, akipigwa ataamka, na adui lazima apate chake kabla taa hazijawashwa. Kwa Uganda mkataba huu una msimamizi, naye ni VJ, yule mfasiri anayekaa na kipaza sauti akitufasiria maneno ya Wazungu, akitia chumvi, akimtukana adui kwa niaba yetu na kutuambia lini tucheke. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu wao. Wasomi hupenda kuwadharau mafundi hawa, nasi tuliwahi kufanya hivyo. Tulipoitazama Henry ndipo tulipoelewa kazi yao: ni watu wanaohakikisha kwamba mtazamaji hakai peke yake na muuaji. Hebu mpe VJ tukio lile la kochi. Atasema nini? Akicheka, amekuwa Otis. Akinyamaza, ameacha kazi.

Linganisha na The Silence of the Lambs, iliyotoka mwaka 1991, mwaka mmoja tu baada ya Henry kuingia kwenye sinema. Humo yumo Hannibal Lecter, mtu anayekula watu, na mwishoni anatoroka. Dunia ilimpenda! Filamu ikanyakua Oska tano kubwa. Wanafunzi wetu wanaijua, wengine wameiona mara mbili tatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka nje. Sababu haijifichi. Yumo Clarice Starling, steringi wa haki kabisa, wa kumfuata na kumwombea. Naye Lecter ni msomi, mcheshi, anajua chakula na muziki, na mtu anayemwendea mwishoni ni mtu tusiyempenda. Tunaruhusiwa kutabasamu. Henry hana ucheshi wala elimu. Ni mtu ambaye ungeweza kupanga naye foleni ya maji usimkumbuke.

Turudi chumbani kwetu. Tulikuwa na wanafunzi kumi na tisa wa mwaka wa tatu. Tuliwaambia kwamba tutatazama filamu ya kutisha, na kwamba asiyetaka asije. Tulidhani tumetoa onyo la kutosha. Tulikosea, na kosa letu lilikuwa la Kiswahili. Neno kutisha, kwa kijana aliyekulia kwenye filamu za Kinijeria, ni majini, wachawi na mlango unaojifungua wenyewe. Ni hofu inayokuja na kuondoka, na watu wakitoka nje huchekana. Filamu ilipokwisha hakuna aliyecheka. Maneno ya kwanza yalitoka kwa Kiganda na kwa Kiingereza. Mmoja alisema "bambi" tu, akanyamaza. Tulipowasihi waseme kwa Kiswahili walihangaika. Inatisha? Hapana. Inaogofya? Hapana. Mmoja akasema inakera, mwingine inakirihisha, wa tatu akasema inatia kinyaa, na hapo wengi wakaitikia. Tuliona fahari kidogo, tukiri, kwamba lugha yetu ilikuwa na neno ambalo mabango ya filamu hayana. Kinyaa humbaki mtu mdomoni.

Kisha tukawapa karatasi, na karatasi zikaturudisha tulikotoka. Kumi na wawili waliandika kuhusu funzo. Filamu inatufundisha tusiwafungulie mlango watu tusiowajua. Filamu inatufundisha madhara ya malezi mabaya (huyu alisahau kwamba Henry anakitaja kifo cha mama yake kwa namna ambazo hazipatani). Filamu inawaasa wasichana wasipende wanaume wakimya. Hatuwacheki vijana hawa. Ni sisi tuliowafundisha, tangu sekondari, kwamba kazi ya sanaa ikishakamuliwa dhamira na ujumbe basi imehakikiwa. Wamekutana na filamu ambayo imekataa kutoa funzo, wakalitengeneza wenyewe, kama mtu anayeshona kifungo mahali pasipo na tundu. Funzo lilikuwa steringi wao.

Imebaki karatasi moja ambayo haikuandikwa siku ile. Mwanafunzi mmoja wa kike alitoka mapema kabisa, hata dakika kumi hazijafika. Filamu huanza na maiti: mwanamke amelala majanini, wengine katika vyumba na majini, kamera ikisogea taratibu, huku sauti za kilio chao cha mwisho zikisikika juu ya picha tulivu. Kwa watetezi wa filamu, nasi tukiwamo, huu ni mwanzo wa kistadi, maana unatunyima kitendo na kutuachia matokeo yake. Tulidhani binti yule ni mwepesi wa moyo. Tulisema hivyo mbele ya wenzake, jambo ambalo hatukupaswa kulisema.

Wiki iliyofuata alikuja ofisini. Anatoka upande wa Entebbe. Mwaka 2017, katika maeneo ya Entebbe na Nansana wilayani Wakiso, wanawake zaidi ya ishirini waliuawa mmoja baada ya mwingine katika kipindi cha miezi michache, na miili yao ikaokotwa kandokando ya njia na vichakani. Alikuwa bado msichana wa shule. Mama yake alikuwa akimsubiri barabarani kabla jua halijazama. Alituambia kwamba picha zile za mwanzo hazikumwogopesha hata kidogo. Kilichomtoa nje ni kwamba wanawake wale walikuwa wamepangwa vizuri, kama picha za kutundika ukutani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina.

Hatukuwa na jibu, na tukikaa kuitafakari tena filamu hii kwa macho yake tunaona pengo ambalo sifa zetu zote hazilijazi. Henry inamshtaki mtazamaji aliyekuja kustarehe, inamkamata kwenye kochi na kumuuliza anatazama nini. Ni shtaka zito na la haki, na ndiyo sababu ya wengi kukasirika. Lakini linamdhania kila mtazamaji kuwa ametoka mahali ambapo mauaji ni burudani. Kwa aliyekuja akiwa anazijua njia ambako miili iliokotwa, halina la kumwambia. Tena filamu yenyewe, katika dakika zile za mwanzo, inatazama kwa raha ile ile inayotaka kutuumbulia baadaye. Bado tunaiona kuwa kazi kubwa, na tutaendelea kuipendelea kuliko Lecter na tabasamu lake. Ila hatutaiita tena kazi isiyo na kosa, kama tulivyozoea kusema mihadharani.

Ameomba aruhusiwe kuandika insha yake ya muhula kuhusu sehemu aliyoiona tu. Mwenzetu mmoja idarani amepinga, akisema haiwezekani kuhakiki kazi ambayo mtu hakuimaliza, na kwamba tukifungua mlango huo mwakani wote watatoka dakika ya kumi. Hoja yake ina uzito. Tumempa ruhusa, kwa sharti kwamba aseme katika ukurasa wa kwanza ni dakika ipi aliyoinukia na alikuwa anatazama nini.