Kontena la Tiba hadi Kitale na Bungoma: Kazi Iko Kwenye Orodha

Kontena la futi 40 la kimo kirefu lina nafasi ya mita za ujazo zipatazo 76. Likisheheni vifaa vya hospitali vilivyotolewa bure Marekani, hukaa majuma kadhaa baharini hadi Mombasa, kisha hupandishwa bara zaidi ya kilomita 800 ndipo lifike Kitale au Bungoma, magharibi mwa Kenya. Wengi hudhani safari hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwa maoni yangu, kazi nzito zaidi hufanywa miezi mingi kabla, pale muuguzi mkuu, mfamasia na fundi wa mashine wa hospitali inayopokea wanapoketi kuandika orodha ya wanachokihitaji. Orodha ikiwa mbovu, meli haiwezi kuitengeneza.

Kanda yetu iliwahi kulipia kosa hilo. Eritrea ilipokuwa katika vita vya ukombozi, ililetewa shehena ya vidonge vya aspirini vilivyopitwa na wakati, malori saba mazima, na kuviteketeza kulichukua miezi sita. Zilikuja pia chupa 30,000 za maji ya lishe ya kutundikia wagonjwa, nazo zilikuwa zimeharibika na kunuka hata hazikuweza kutupwa karibu na makazi ya watu. Visa kama hivyo ndivyo vilivyolisukuma Shirika la Afya Duniani (WHO) kutoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996. Mwongozo huo unataka msaada ulingane na mahitaji yaliyotajwa na mpokeaji, na kwa kawaida dawa iwe imebakiwa na angalau mwaka mmoja wa kutumika inapowasili nchini.

Mashirika ya Marekani yanayoifanya kazi hii kwa umakini yamejenga utaratibu wake juu ya wazo hilo la mpokeaji kutangulia. Project C.U.R.E. ya Colorado, iliyoanzishwa 1987, hutuma watu wake kuikagua hospitali kabla ya kuiandalia kontena: kuna umeme gani, maji yanatoka wapi, nani atakayeiendesha mashine. MedShare ya Atlanta, iliyoanzishwa 1998, huiruhusu hospitali ichague yenyewe, kupitia intaneti, kutoka katika akiba iliyomo ghalani. Njia ya pili naipenda zaidi kwa vitu vya kutumika na kutupwa, kwa kuwa muuguzi anajua glavu za saizi gani zimemwishia. Kwa mashine kubwa, ukaguzi wa ana kwa ana hauna mbadala.

Orodha ya Bungoma iandikwe na mtu anayekumbuka Agosti 2013. Serikali ilikuwa imetangaza huduma za uzazi bila malipo miezi michache tu kabla, lakini mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mjini humo, baada ya kulazimika kujinunulia hata pamba. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilikiukwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Uamuzi huo nausoma pia kama waraka wa ugavi. Kilichokosekana wodini ni kitanda na pamba, vitu ambavyo havivutii mpiga picha hata kidogo. Vitanda vya kujifungulia, magodoro yenye ngozi ya plastiki, mashuka, nyuzi za kushonea, glavu na mipira ya mkojo: hivi ndivyo vijaze nusu ya kontena kabla mtu yeyote hajataja mashine ya picha.

Kwenye mashine ndiko fedha nyingi hupotelea, na chanzo kikubwa ni umeme. Marekani hutumia volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, Kenya volti 240 na mizunguko 50. Watu hununua transfoma wakadhani wamemaliza. Transfoma hushusha volti tu, mizunguko haiigusi. Kifaa chenye chaja ya kielektroniki kwa kawaida hakidhuriki, kwani kibandiko chake huonyesha kwamba kinapokea volti 100 hadi 240 na mizunguko yote miwili. Shida iko kwa mashine yenye mota ya kawaida iliyoundwa kwa mizunguko 60. Hapa kwetu itazunguka polepole kwa takriban asilimia 17, na volti isipopunguzwa kwa kiasi hichohicho, mota hupata joto hadi nyaya zake zinaungua. Mashine ya kuzungushia damu maabara itatoa sampuli zisizotengana vizuri. Mashine ya kuchuja oksijeni itasukuma hewa pungufu, na mtoto mwenye nimonia atapata oksijeni hafifu ilhali taa ya mashine inawaka vizuri. Hatari hii ni kubwa kuliko ya mashine isiyowaka kabisa. Kwa hiyo naomba sharti moja: picha ya kibandiko cha umeme cha kila mashine imfikie fundi wa hospitali kabla haijapakiwa, na yeye awe na mamlaka ya kuikataa.

Kisha kuna forodha. Zawadi nayo huandikiwa thamani, na msamaha wa kodi hauji wenyewe. Huombwa Hazina ya Taifa kwa barua za mpokeaji na za idara ya afya, hati ya zawadi na orodha ya vifurushi inayolingana na kilichomo kwa kila katoni. Dawa zikiwemo, Bodi ya Famasia na Sumu lazima iziidhinishe. Mbinu ya mawakala wazoefu ni kuziweka tayari hati zote zisizotegemea meli, kisha nakala ya hati ya shehena itumwe siku ileile meli inapoondoka. Atakayengoja kontena lifike Mombasa ndipo aanze kuandika barua atalipa mara mbili kwa kila siku: ada ya bandari kwa nafasi, na ada ya kampuni ya meli kwa kontena lake.

Kontena moja likigawiwa miji miwili, mpangilio wa ndani huamuliwa na barabara. Kutoka Eldoret lori hushika njia ya Soy na Moi's Bridge hadi Kitale, kisha huteremka kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye na kumalizia Bungoma. Kwa hiyo mzigo wa Bungoma uingie kwanza, ukae ndani kabisa, na wa Kitale ukae mlangoni. Vitu vizito vitandazwe chini urefu wote wa kontena, la sivyo baada ya Kitale lori litabaki limelemewa kwenye ekseli za upande mmoja na kukwama kwenye mizani. Hospitali nyingi hazina jukwaa la kupakulia, na sakafu ya kontena likiwa juu ya trela huwa zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Kitanda cha upasuaji cha kilo mia kadhaa hakishushwi salama kwa mikono. Gharama ya kukodi kreni iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Dawa, kwa kauli yangu, zisipakiwe kabisa. MEDS, ghala la dawa lililoanzishwa na makanisa mwaka 1986, linauza dawa muhimu kutoka Nairobi, na kaunti hununua kutoka KEMSA, mamlaka ya serikali ya ugavi wa dawa. Mfano bora uko palepale magharibi: AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana, iliweka maduka ya dawa ya akiba kando ya yale ya serikali. Mgonjwa akikosa dawa dirisha la kwanza, huipata la pili kwa bei nafuu, na fedha hiyo hununua dawa nyingine. Katika vituo vya majaribio, upatikanaji wa dawa ulipanda kutoka asilimia 40 au chini hadi asilimia 90 na zaidi. Mfadhili anayetaka kuwasaidia wagonjwa wa shinikizo la damu wa Webuye atafanya mengi zaidi kwa kuuongezea mfuko kama huo mtaji kuliko kwa kutuma katoni za tembe.

Linabaki suala la baada ya kupakua. Uchunguzi uliochapishwa 2011, uliohesabu vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi zenye kipato kidogo, ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inawafundisha mafundi wa mashine za hospitali, na vijana hao wapo, ila wengi hawana vipuri wala kitabu cha maelekezo. Kila mashine iandamane na vichujio, fyuzi na mikanda ya miaka miwili ndani ya katoni yake, na jina la fundi atakayeitunza liandikwe kwenye orodha ileile iliyoiomba. Mashine isiyo na jina la fundi ibaki Atlanta, nafasi yake ichukuliwe na magodoro.