Sekunde Tano za Korosho

Mtu anayefungua video ya mafunzo mtandaoni ana haraka zake. Anataka kujua namna ya kubadili zipu, kufunga pampu au kukaanga korosho, na kabla ya hapo anakutana na sekunde chache za ufunguzi. Wengi wetu sekunde hizo tunaziokota popote: maandishi ya rangi ya dhahabu yanayozunguka, cheche zinaruka, muziki unagonga, basi. Ufunguzi wa namna hiyo unafaa duka la simu, saluni na kwaya kwa pamoja, ndiyo maana haumwambii mtazamaji lolote. Mimi nasifu njia nyingine, ya kizamani na ya kuchosha: kuweka vitu halisi mezani, kuvipiga picha, kuvisogeza kidogo na kuvipiga tena, mpaka picha zikichezwa mfululizo vitu vitembee vyenyewe.

Tuchukue chaneli inayofundisha kubangua na kukaanga korosho, maana tuko Mtwara, ambako zao hili ndilo linalolipa ada na kuezeka nyumba. Korosho moja yenye ganda inaingia kutoka kushoto, inafika katikati ya meza, inasita, inapasuka, kiini kinatoka. Nyingine zinakuja mbio kutoka kila upande na kujipanga ziwe jina la chaneli. Hadithi imekwisha. Sekunde 1 ikipewa picha 12, hadithi hiyo ya sekunde 5 inadai picha 60, na katika kila picha kila kitu kiwe kimewekwa kwa mkono.

Ufundi wenyewe uko katika vipimo. Korosho ikisogezwa sentimita 1 kila mara, bila kuzidi wala kupungua, itaonekana inavutwa na uzi. Ili itembee kwa hiari yake, iondoke kwa milimita 2, kisha 4, kisha 8, ichanganye mwendo katikati ya safari, halafu ipunguze vivyo hivyo hadi isimame. Anayetaka mwendo mwingine akautafute Msimbati maji yakiwa yamekupwa, au kwenye mikoko ya maingilio ya mto Ruvuma. Huko juu ya tope wako kaa wadogo wenye gando moja kubwa. Kaa huyo haanzi taratibu: ametulia, mara yuko mbali, mara ametulia tena, kisha anainua gando na kulishusha. Korosho ikipewa mwendo wa kaa inakuwa na woga na ujanja. Ikipewa ule wa kwanza inakuwa na utulivu wa mtu mzima. Umbo ni lilelile. Kilichobadilika ni nafasi iliyopo kati ya picha na picha, na fundi anafanyia kazi humo, mahali ambapo mtazamaji hapaoni kabisa.

Kupasuka nako kuna siri yake. Unachagua kwenye gunia korosho zinazofanana umbo, ukubwa na rangi. Ya kwanza inabaki nzima. Ya pili inatiwa mkato mwembamba mgongoni. Ya tatu imefunguka kidogo. Ya nne nusu zake zimeachana na kiini kinachungulia. Zikatwe na mbanguaji aliyevaa glovu, kwa sababu mafuta ya ganda bichi yanaunguza ngozi. Kila moja inaondolewa na mwenzake kuwekwa palepale, juu ya tone la nta ya mshumaa ili isipinduke. Mtazamaji ataapa kwamba ameona korosho moja ikifunguka.

Adui mkubwa ni mwanga. Wingu likipita dirishani, picha zikichezwa baadaye zinamemeteka hovyo, hata kama jicho lako halikuona tofauti pale mezani. Basi pazia lifungwe, itumike taa moja isiyohama, na simu iliyobanwa kwenye stendi izuiwe kujirekebishia mwanga na rangi. Hata shati jeupe la fundi linarudisha mwanga mezani kila anapoinama, avae jeusi.

Hakuna programu inayoweza kuficha kabisa kwamba kazi hii ni ya mkono, na hilo kwangu ni sifa. Katika filamu ya King Kong ya mwaka 1933, manyoya ya sokwe yanacheza-cheza mwilini mwake kwa sababu vidole vya mafundi viliyagusa kati ya picha na picha. Miaka mingi imepita na vidole hivyo bado vinaonekana. Mustapha Alassane wa Niger naye alitumia mkono katika filamu yake Kokoa ya mwaka 2001, akiwachezesha mieleka wanyama wa vikaragosi. Hapa kwetu, Ubongo Kids ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2014, imeonyesha kwamba watoto wanajifunza hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili. Katuni hizo zinatengenezwa kwa kompyuta na kundi la watu. Hii ya mezani anaiweza mtu mmoja mwenye simu.

Kwa mwalimu ina faida ya ziada. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mwanafunzi anayeona korosho ikipiga hatua amekwisha onyeshwa, kabla mwalimu hajafungua kinywa, kwamba kazi huendeshwa hatua kwa hatua na kwamba anayemfundisha ana subira.

Basi wewe mwenye chaneli, kabla hujalipia ufunguzi ambao wengine wengi wanao, chukua kitu cha fani yako mwenyewe: fundi cherehani vifungo vyake, mvuvi ndoano na maboya yake, msusi wa mikeka ukili wake. Anza na picha 24. Ni sekunde 2 tu, na zinatosha kukuonyesha kama mkono wako umetulia.