Zohali ni Ipi? Kasoro Moja ya Istilahi za Sayari

Baadhi ya vitabu vya Kiswahili huiita Sarateni sayari ya sita kutoka kwenye jua, na jina la Zohali huipa ya saba. Uteuzi huu una kasoro mbili. Kwanza, saratani kwa Kiarabu ni kaa, nalo ni jina la buruji, si la sayari. Pili, Zohali ni jina la kale la sayari ya sita, ionekanayo kwa macho matupu. Ya saba iligunduliwa na William Herschel kwa darubini mwaka 1781, wala haikuweza kuwa na jina la urithi.

Huenda ikadaiwa kwamba pete zitaondoa utata. La hasha: sayari ya saba nayo iligunduliwa kuwa na pete mwaka 1977, na zote mbili ni kubwa, zenye miezi mingi. Mwanafunzi asomaye "pete za Zohali" hawezi kujua kama ni zile pana za barafu ing'aayo, au zile nyembamba nyeusi.

Yafaa Zohali irejeshwe mahali pake, na ya saba iitwe Uranusi. Kukopa jina jipya hakuidhuru lugha; kulihamisha la zamani humtenga msomaji na elimu ya falaki aliyorithi.